Jembe la Baba Lipo Ruaruke

Jumapili, 19 Aprili

Nimeanza kuandika kwa sababu huku juu ya dungu hakuna wa kuzungumza naye ila kweleakwelea, nao hawana adabu ya kusikiliza. Dungu ni jukwaa la miti lililoezekwa makuti, limesimama katikati ya mpunga. Kazi yangu ni kukaa juu yake tangu alfajiri mpaka magharibi, nipige debe, nipige kelele, nirushe udongo kwa kombeo. Huku wanaita kuamia ndege. Nikisinzia ndege wanakula, na meneja naye ananila mimi.

Tuko sita, Wamatumbi watupu, kutoka milima ya Kipatimu. Zabibu, mtoto wa marehemu dada yangu, yuko dungu la pili. Ana kidato cha nne na mdomo wa kidato cha sita. Kaka Muhidini, jirani yetu, yuko la tatu. Wengine watatu wako ng'ambo ya mfereji, nawajua kwa moshi wao tu.

Aliyetuleta ni mtani wetu Tamimu, Mndengereko wa Ruaruke. Alitokea kwenye arobaini ya baba. Watani wana haki zao msibani: wamcheke marehemu, wawachekeshe wafiwa, wateke kitu cha nyumba na wadai kikombolewe. Tamimu aliingia ukumbini, akalitungua jembe la baba kwenye msumari wake, akalitia begani. Akasimama barazani mbele ya watu wote.

"Jembe hili nimeliteka, na wenye jembe nimewateka! Bonde la Rufiji mpunga umechanua, ndege wanamfilisi tajiri wangu. Anayelitaka jembe la Abdulswamadu anifuate akaamie ndege. Mpunga ukivunwa nitamrudisha mwenyewe mpaka mlango huu huu, na magunia mawili kichwani!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yuko eda, amekaa ndani na kaniki yake, nikamsikia naye akicheka. Alikuwa hajacheka tangu baba afariki. Kwa kicheko kile peke yake ningemfuata Tamimu popote.

Usiku akapita kwa mtu mmoja mmoja, safari hii bila kucheka: kampuni inataka watu, mshahara upo, chakula kipo. Siku ya tatu tulikuwa juu ya lori la mkaa pamoja naye mpaka Kibiti. Pale stendi tukahamia lori la kampuni. Hakuna aliyeuliza karatasi. Nani anamuuliza mtani karatasi?

Mama anatoka eda tarehe tatu Julai. Binti yake aliyebaki ni mimi. Mimi ndiye wa kumwogesha, kumvika nguo mpya na kumtoa nje mbele ya watu. Nilimuaga nikamwambia, "Wali wa kukutoa eda nitakuja nao mimi." Akasema, "Njoo wewe kwanza."

Jumanne, 21 Aprili

Ndege.

Jumatano, 22 Aprili

Ndege. Mvua jioni.

Jumapili, 26 Aprili

Tamimu alikuja na mtumbwi kuleta unga na dagaa. Yeye ndiye mguu wa kampuni huku bondeni: analeta chakula, anahesabu watu, anapeleka maneno kwa meneja. Nilimuuliza jembe langu liko wapi.

"Lipo Ruaruke, nyumbani kwangu. Linakula na kulala kuliko wewe."

Jumapili, 10 Mei

Zabibu amemuuliza Tamimu mkataba. Alimuuliza kwa sauti ya darasani, ati mbona hatujaandikiana. Tamimu alicheka akakaribia kuanguka mtumbwini.

"Mtani anaandikiana na mtani? Si utanishtaki kwa kukuita mla panya?"

Nami nikacheka. Zabibu hakucheka. Nikaona mtoto amekosa malezi, kumbe malezi hayo ni yangu.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Ndege hawaji na mvua, kwa hiyo nimelala. Nakiri kwa daftari tu.

Jumatano, 27 Mei

Idi kubwa. Meneja Ridhiwani alituma paja la mbuzi. Ni kijana wa shati jeupe, anakuja bondeni mara chache na akija hashuki kwenye boti. Tulikula nyama dunguni kwa Muhidini, miguu ikining'inia juu ya mpunga mwekundu wa kuiva. Kesho tunaanza kuvuna.

Jumamosi, 30 Mei

Tumevuna siku mbili. Leo maji.

Yalianza mferejini kabla ya adhuhuri, kimyakimya, rangi ya chai ya maziwa. Muhidini aliyaona kwanza, akapiga debe kama anaamia ndege, tukadhani mwenzetu amepata wazimu. Kufika alasiri mpunga umebaki masuke tu juu ya maji, na kufika magharibi hata masuke hakuna. Tulikata tulichoweza tukiwa majini mpaka kiunoni, tukipandisha matita dunguni. Zabibu alikanyaga kitu kikasogea. Hatukuuliza kitu gani.

Usiku tulilala juu ya mpunga mbichi, sote sita kwenye dungu moja, maji yanapita chini yetu. Niliogopa sana. Naandika hivyo kwa sababu mchana nilijifanya sikuogopa.

Jumatatu, 1 Juni

Lori la kampuni limetufikisha Kibiti. Ridhiwani alitukusanya karibu na stendi. Akasema shamba limekwenda na maji, kazi imekwisha, poleni. Mshahara tuliofanyia kazi tumelipwa wote, hapo sitawasingizia. Na kila mtu amepewa magunia mawili ya mpunga ule uliolowa.

Nikamuuliza, "Na lori la kutupeleka kwetu linaondoka saa ngapi, bwana meneja?"

"Kwenu wapi?"

"Kipatimu."

"Mama, sisi tuliwachukua hapa stendi. Tumewarudisha hapa stendi."

Tamimu alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimtazama nikisubiri acheke. Aliangalia magurudumu ya lori.

Nauli ya mtu mpaka Kipatimu tungejipigapiga tukapata. Magunia mawili kila mtu, njia ile ya milimani, hakuna gari linalotuchukua ila kwa bei ya mshahara wenyewe. Kwenda mikono mitupu kwa mama sitaki.

Jumanne, 2 Juni

Tumepata hifadhi kwa Nasra, mama wa vitumbua jirani na stendi. Ametupa uwanja wake wa nyuma na turubai. Ni Mndengereko naye, kwa hiyo anatutukana kwa haki: "Wamatumbi mmekuja kunifungia uwanja wangu, na panya wangu nao wamehama kwa hofu ya kuliwa."

Tumeanika mpunga. Mvua. Tumeanua.

Alhamisi, 4 Juni

Nasra asubuhi anakaanga vitumbua, mchana ni msaidizi wa kisheria, amesomeshwa na shirika. Wanawake wanamletea habari za talaka na mirathi. Zabibu alimsimulia yetu. Nasra akafuta mikono akakaa chini.

"Mwajiri akikutoa kwenu, kazi ikiisha akurudishe pale alipokuajiri, wewe na mizigo yako. Na siku anazokukawiza akulishe. Hiyo si hisani, mama, ni sheria. Lakini hapo pana swali moja tu: mliajiriwa wapi?"

"Kwetu," nikasema. "Kwenye arobaini ya baba."

"Nani alisikia?"

"Kijiji kizima."

"Basi mna kesi. Tupeleke shauri tume ya usuluhishi."

Kaka Muhidini, aliyekuwa akigeuza mpunga kwa mguu, akasimama. "Dada Sihaba, maneno ya mtani hayapelekwi barazani. Akikwambia amekuoza kwa fisi, utakwenda kudai mahari?"

Wengine watatu wakamuunga mkono. Zabibu akaanza kupiga kelele. Mimi niliona Muhidini amesema kweli. Mtani hashtakiwi kwa maneno ya msibani. Ukimshtaki umeuvunja utani, na utani si wako peke yako, ni wa babu zenu. Kesho ukifa nani atakuja kukulilia kwa kicheko?

Ijumaa, 5 Juni

Tumeanika mpunga. Mvua. Tumeanua. Shauri limepelekwa, tumeafikiana hivi: tunaishtaki kampuni, Tamimu hatumtaji. Nasra amesema hiyo ni sawa na kupika wali bila maji.

Jumatatu, 8 Juni

Tumeanika. Jua lote la siku. Nimemkumbuka mama.

Ijumaa, 12 Juni

Gunia moja la Muhidini limeota. Amelitazama muda mrefu, kisha akawapa kuku wa Nasra. Leo jioni akaniambia, "Lakini alisema ataturudisha mpaka mlangoni." Nikamwambia, "Si ni utani?"

Jumapili, 14 Juni

Nimekwenda Ruaruke kumtafuta Tamimu. Nilikwenda na hasira zangu zimefungwa kwenye kanga kama vitafunwa vya safari, nimwagie mzigo wote.

Sikumkuta. Nimemkuta mkewe Hafsa anatwanga. Nyumba ya udongo, bati za zamani, watoto wanne wanaofanana. Ukutani ukumbini nikaliona jembe la baba. Limetundikwa kwenye msumari wake peke yake, limesafishwa, limepakwa mafuta. Mpini ule baba alioufunga kamba pale ulipopasuka, kamba ipo vilevile. Nilisimama nikalia, sina la kuficha.

"Hataki mtoto aliguse," Hafsa akasema. "Yetu yamekwisha meno, nikamwambia tulimie hili. Akanambia mateka halilimi. Linakaa mpaka alirudishe alikolichukua."

Ningeweza kulichukua nikaondoka nalo, lakini mateka hayaibwi. Nikanywa maji nikakaa.

Tamimu alirudi alasiri. Kuniona akataka kuanza mchezo wake, akaona uso wangu akaacha. Nilimwambia mama anatoka eda tarehe tatu. Nilimwambia mpunga unaota. Nikamwambia aseme tu kweli kwamba alitufuata kwetu.

"Sihaba, mie nina hawa," akaonyesha watoto. "Ridhiwani ameshanambia la kusema. Na lile la msibani lilikuwa utani, wewe unajua."

"Najua."

"Basi usinilaumu."

Nimerudi nikiwa simlaumu, na hilo limeniudhi zaidi.

Jumatano, 17 Juni

Tumeanika. Mvua. Tumeanua. Zabibu ananuna kwa sababu nimemtetea Tamimu. Anasema mwenye watoto wanne akikutupa njiani, umetupwa vilevile.

Jumanne, 23 Juni

Msuluhishi wa tume amekuja Kibiti. Alitusikiliza kwenye chumba chenye feni isiyozunguka. Ni mama wa makamo, mpole, ana namna ya kusubiri mtu amalize hata kama mtu amekwisha maliza. Sisi sita upande huu na Nasra wetu. Upande ule Ridhiwani, na Tamimu amevaa kofia ya kiua, kama amealikwa harusini.

Ridhiwani akasema kampuni haina habari ya Kipatimu. Watu walikutwa stendi wakitafuta kibarua, kama wanavyokutwa wengine.

Msuluhishi akamgeukia Tamimu. "Wewe ndiye uliyewapokea. Uliwakuta wapi?"

"Stendi," Tamimu akasema.

Zabibu akaruka. "Muongo! Ulikuja kwenye arobaini ya babu! Ulisimama barazani ukasema utaturudisha!"

Basi limekwisha kusemwa. Muhidini akafumba macho.

"Mheshimiwa," Tamimu akasema, sauti ndogo, "yale ya msibani mie nilikuwa nafanya utani. Utani hauna kesi. Waulize wenyewe."

Msuluhishi akatuuliza. Na Muhidini, mwenye gunia lililoliwa na kuku, akatikisa kichwa kukubali. Ridhiwani akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nasra akaniangalia mimi. Niliwaza tu lile jembe, lilivyopakwa mafuta.

Nikaomba ruhusa. Nikasema, "Mimi sitamuuliza alisema nini. Alilosema ni haki yake ya utani. Mtani wangu, jembe la baba yangu liko wapi?"

"Lipo kwangu."

"Ulilichukua wapi?"

Ridhiwani akamnong'oneza, "Jembe gani?" Hakuelewa, na sidhani kama msuluhishi alielewa. Sisi wengine wote tulielewa. Maneno ya mtani hayana kesi, lakini mateka si maneno. Mtani akikana alipoliteka, basi hakuteka, ameiba. Mwizi wa msibani hana mtani tena, na siku yake ikifika atazikwa na watu wamenuna.

Tamimu akavua kofia. Akaitazama ndani, akaivaa tena. Akamwangalia Muhidini, siyo mimi.

"Nimelichukua Kipatimu. Ukumbini kwa Mzee Abdulswamadu, siku ya arobaini yake."

"Na anayelirudisha nani?"

"Mie mwenyewe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale pale."

Msuluhishi akaweka kalamu chini. "Ndugu Tamimu, siku hiyo ulikwenda Kipatimu kwa shughuli gani? Msiba?"

"Hapana, mheshimiwa. Msiba niliukuta. Nilitumwa."

"Na nani?"

Tamimu alielekeza kidevu kwa Ridhiwani. "Alinipa nauli. Aliniambia Wandengereko wa hapa wanajua mno kudai, nikatafute watu wa milimani."

Ridhiwani akaomba kuzungumza nje na simu yake. Alizungumza nayo muda mrefu. Aliporudi akasema kampuni haipendi kusumbuana na watu. Tumeandikiana makubaliano: lori mpaka milangoni kwetu, sisi na magunia yetu, kabla ya mwisho wa mwezi, na posho ya chakula ya siku zote tulizokaa kwa Nasra.

Nje Zabibu alinikumbatia. Nilimtafuta Tamimu nimwambie neno, alikuwa ameshaondoka kwa miguu.

Jumatano, 24 Juni

Tumeanika mpunga. Jua. Sasa ndiyo jua.

Jumatatu, 29 Juni

Lori limekuja. Nasra ametufungia vitumbua na matusi ya njiani. Tulipokuwa tunapakia magunia akatokea Tamimu, jembe limeviringishwa kanga ya mkewe. Akapanda nyuma bila kuomba. Dereva akamtazama, akawasha gari.

Tumevuka mto kule Ikwiriri. Maji yamerudi chini. Njia nzima Tamimu alikaa juu ya magunia yangu, jembe mapajani, akatutukana ukoo mzima mpaka Njia Nne. Muhidini alicheka machozi yakamtoka. Hakuna aliyetaja tume.

Jumanne, 30 Juni

Tumefika. Tamimu alisimama barazani, akadai jogoo ndipo alitoe jembe. Mama akasema kutoka ndani, "Mpeni, asije akaniteka na mimi." Akapewa. Akaingia mwenyewe, akalitundika kwenye msumari wake.

Lori liligeuza likaondoka. Tamimu alikuwa anamfunga jogoo miguu. Alisikia mngurumo, akainua kichwa, akainama tena akaendelea kufunga.

"Mbona limekuacha?" nikamuuliza.

"Litanichukua mara nyingine."

Ijumaa, 3 Julai

Nimemwogesha mama. Amekonda, mgongo umekuwa wa mtoto. Nimemvika doti jipya, nimemfukiza udi, nimemtoa nje wakati jua linapanda. Alisimama kizingitini akalitazama jembe, kisha akawatazama watu. Wali ulitosha kijiji. Ulinuka maji ya mto kidogo, kila mtu akasema mtamu. Nimefurahi leo mpaka nimechoka.

Jumapili, 5 Julai

Tamimu bado yupo. Anamsaidia Muhidini kuezeka. Leo nilimkuta barazani peke yake, nikakaa.

"Sema, mtani."

Akasema. Kazi yake iliisha siku ile ile, kabla hajafika barabarani. Ridhiwani alimpigia simu: asirudi. Dereva aliambiwa asimrudishe. Miaka mitano amewaletea watu kutoka Kilwa, kutoka Liwale, hana hata kipande cha karatasi chenye jina lake.

"Na wewe uliajiriwa kwa mdomo?" Zabibu akauliza kutoka mlangoni. Huyu mtoto anasikia kupitia ukuta.

"Kwa mdomo."

Nikamuuliza, "Uliajiriwa wapi?"

Akacheka, cheko lake la siku zote. "Utani huo, mtani."

"Hapana. Nauliza. Wapi, na nani alisikia?"

Cheko likakatika. Akakuna kidevu. "Ruaruke. Kwenye harusi ya Haruni, jirani yangu. Hafsa alisikia, na bwana harusi."

"Nasra alisema mtu ana siku thelathini tangu alipoachishwa," Zabibu akasema. "Zimeshakwenda kumi na mbili."

"Nani atasimama na mie? Wandengereko wenzangu wote wanakula kwa kampuni."

Nilinyoosha mkono nikamvua kofia ya kiua, nikaingia nayo ukumbini. Akaja mlangoni kichwa wazi.

"Sihaba, kofia yangu."

"Nimeiteka."

"Hata jogoo sina, nilishamla na Muhidini."

"Sitaki jogoo. Nitairudisha mwenyewe, Kibiti, siku ya shauri lako."

Mama akamwita akanywe uji. Kofia nimeitundika kwenye msumari mmoja na jembe, na Muhidini ameshatafuta bodaboda ya kumshusha kesho Njia Nne, apande basi la Kibiti.